Jinsi ya Kumaliza Chemshabongo ya Gazeti Bila Kuchemsha Bongo

Kama una gazeti la leo mkononi, likunje ukurasa wa chemshabongo ukae juu, maana ufundi wenyewe unaanzia kwenye kukunja.

Tusidanganyane. Hukuja hapa kujifunza maneno. Maneno yamejaa kwenye kamusi, na sijawahi kumwona mtu anayepishwa njia mtaani kwa kumiliki kamusi. Umekuja kwa sababu kuna mtu, labda ofisini, labda kijiweni, labda ndani ya nyumba yako mwenyewe, anayejaza vile visanduku mpaka cha mwisho kabla chai haijapoa, halafu analitupa gazeti mezani bila kusema neno. Umechoka kumtazama. Hiyo ni sababu safi kabisa, usiionee haya. Fuata maelekezo haya na gridi yako itajaa. Ikitokea njiani umejifunza kitu, itakuwa ajali, nami simo.

1. Nunua kalamu ya wino

Penseli usiiguse. Anayejaza fumbo kwa penseli ameshatangaza kwamba anategemea kukosea, na mtu anayetegemea kukosea haombwi ushauri. Simon na Schuster walipotoa kitabu cha kwanza cha mafumbo haya kule New York mwaka 1924, walikiuza kikiwa na penseli yake imefungwa pembeni. Kitabu kilinunuliwa sana, lakini nawe umeshaona wachapishaji wale walivyowafikiria wateja wao.

Utaniuliza, na nikikosea kwa wino? Swali zuri, na jibu lake ni herufi I. Ukiwa na shaka, andika I. Ni kijistari kimoja kisicho na makosa. Baadaye ikitakiwa iwe T, utaiwekea kofia. Ikitakiwa iwe L, utaipa mguu. E inahitaji mikono mitatu tu, na B ni I iliyoota matumbo mawili. C nayo ni mali: ikifungwa inakuwa O, ikipewa ulimi inakuwa G. Herufi za kuogopa ni M na W, kwa sababu ukishaziandika hazigeuki kuwa kitu kingine bila kuonekana kama ugomvi. Hizo ziandike siku ambayo una uhakika, au siku ambayo hakuna anayetazama.

2. Anza kujaza mwishoni mwa neno

Hapa ndipo msomaji wa gazeti la Kiswahili anapowazidi wenzake duniani. Mtu wa London akipewa visanduku saba vitupu, ana visanduku saba vitupu. Wewe ukipewa saba, cha mwisho umeshakijua nusu: ni irabu. Maneno yetu hayapendi kufunga mdomo. Irabu zenyewe ni tano, na kidokezo kikiwa cha kitenzi chenye asili ya Kibantu, zinabaki moja: A. Kwa hiyo ukishaketi, pitisha jicho kwenye orodha ya vidokezo ukitafuta vitenzi tu, kisha zunguka gridi yote ukipanda A mwishoni mwa kila kimoja. Usisite. Aliye pembeni yako ataona kalamu inatembea bila kusimama, na hapo umeshavuna nusu ya heshima yote utakayoipata leo.

Sasa rudi kwenye vidokezo, lakini usivisome kwa maana. Visome kwa ngeli. Ndiyo, zile ngeli ulizozichukia shuleni zilikuwa zinakuandalia siku hii. Kidokezo kikisema "Watu wanaotega nyavu baharini", weka WA kwanza. Habari ya wavuvi utaifikiria baadaye. Kidokezo kikiwa cha vitu vingi, jibu lina mlango wake wa kuingilia: VI, MA, au MI. Kikianza na "Kufanya" au "Kuacha", weka KU na uendelee na safari. Kikitaka kinyume cha kitendo, jaribu UA mwishoni: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Wasaliti ni wa ngeli ya I-ZI peke yao. Nyumba moja, nyumba mia, na bado hawakupi herufi hata moja ya bure. Hao waruke.

Kuna pia sheria ndogondogo za mtaa. C ikiingia kutoka kwenye neno la wima, usifikiri, inayofuata ni H. Kiswahili hakimruhusu C kutembea peke yake. Q na X hawaishi huku kabisa. Wakijitokeza kwenye gridi yako, ama umejaza uongo ama umenunua gazeti la Kiingereza.

Kuwa macho na wageni wachache waliokataa kuvua viatu mlangoni: takriban, rais, na yule wa hatari kuliko wote, maalum. Huyu wa mwisho ni rafiki wa watunzi wavivu. Mtunzi akipungukiwa na kisanduku anaandika maalum, akizidiwa na kisanduku anaandika maalumu, na yote mawili utayakuta yakitumika. Mtunzi naye ni binadamu aliyebanwa na muda, na kila mahali alipobanwa pana mlango wa wewe kupita.

Mlango mkubwa kuliko yote ni maneno mafupi yenye irabu nyingi. Hayo ndiyo yanayoziba nyufa za gridi, kwa hiyo yanarudi na kurudi. Kidokezo kikihusu sehemu ya nyumba, mnyama wa porini, au kwenda juu, na visanduku viwe vitatu, andika PAA hata kabla hujamaliza kusoma. Kikigusa pwani, moto, au kuketi, andika KAA. Kikizungumzia kinachochanua, uzio, au kutoa roho, na visanduku ni viwili, ni UA. Wamarekani nao wana akiba yao: ziwa Erie, biskuti za Oreo, na Idi Amin, ambaye watunzi wa kule hawajampa mapumziko hata kidogo, kwa kuwa ukimkata katikati anatoa majibu mawili, IDI na AMIN, na yote yamejaa irabu.

3. Nenda kijiweni, ukakosee kwa sauti

Kuomba msaada waziwazi ni kazi ya mwanafunzi. Mtu mzima haombi jibu, analichokoza litoke.

Chagua kijiwe chenye kahawa na angalau mwalimu mstaafu mmoja. Kaa mahali ambapo gazeti linaonekana. Agiza kikombe na kashata, mimina dua yako kimoyomoyo, kisha subiri mazungumzo ya mpira yapungue. Yakipungua, sema jibu lisilo sahihi kwa utulivu wa mtu anayejua. Mfano:

"Mji mkuu wa Burundi," unasema, huku ukiinamia gazeti, "Bujumbura."

Usimtazame mtu. Hesabu pole pole. Kabla hujafika tano, mzee wa pembeni atashusha kikombe.

"Bujumbura ya lini, kijana? Walishahamia Gitega hao."

"Ndiko nilikokuwa naelekea, mzee wangu. Bujumbura ina herufi tisa, haikai hapa."

"Haikai kwa sababu siyo," atasema, na utamwona amekaa vizuri zaidi kwenye benchi. "Tangu mwishoni mwa 2018 ni Gitega. Bujumbura wameiachia biashara. Andika."

Umeona? Wewe umepata herufi sita, yeye amepata furaha ya kumrekebisha mtu mbele za watu, na hiyo kwa mwalimu mstaafu ni tamu kuliko pensheni inayofika kwa wakati. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyepewa. Akikuuliza swali lingine la nyongeza, mpe nafasi. Mtu aliyeanza kurekebisha hawezi kuacha, utashangaa jinsi atakavyokujazia upande wote wa mlalo.

Tahadhari mbili. Kwanza, kosa lako liwe la heshima. Bujumbura ni kosa la mtu aliyesoma zamani; ukisema Nairobi watakuhurumia, na huruma haisaidii kujaza gridi. Pili, usikosee zaidi ya mara tatu katika kijiwe kimoja kwa asubuhi moja. Baada ya hapo watu wanaacha kukurekebisha na kuanza kukuzoea.

Kama hakuna mwalimu, tafuta wapinzani wawili. Muulize mmoja maoni yake kuhusu jibu la mwenzake ambaye bado hajalitoa. Watabishana hadi adhuhuri, na jibu litadondoka chini wakati wao wanapigana juu yake. Liokote, ondoka, lipa kahawa ya wote wawili. Ni bei nafuu.

4. Simu

Magazeti ya Uingereza na Marekani yaliwahi kuwa na namba maalum ambazo msomaji aliyekwama angeweza kupiga ili apewe jibu, akilipa kwa dakika. Fikiria: unalinunua gazeti ili likushinde, halafu unalilipa tena likuhurumie. Sisi tuna utaratibu bora. Bip rafiki yako anayefanya kazi maktaba. Atapiga mwenyewe, kwa salio lake, akidhani una shida ya maana. Mwulize kwanza hali ya mama yake, na mvua, na watoto. Swali la fumbo lije mwishoni, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo akiwa tayari mlangoni: "Eh, halafu kaka, hivi yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani anaitwaje vile?" Atasema dumuzi. Usiandike kabla hujakata simu, kalamu inasikika.

Kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja nalo linafaa, ila usiweke kidokezo kama kilivyo. Kiweke kama ubishi: "Kuna mtu hapa anasema hivi, mimi nakataa." Majibu yatashuka. Utalazimika kuyachambua katikati ya maua ya asubuhi njema na tangazo la mchango wa harusi, lakini yamo.

Siku hizi watu wanakimbilia akili mnemba. Iulize ukipenda, inajibu upesi na kwa adabu. Kasoro yake ni moja, nayo kwenye kazi yetu ni kubwa: si hodari wa kuhesabu herufi. Utaitaka neno la herufi saba, itakupa la herufi tisa kwa kujiamini kabisa, ukiikosoa itakuomba radhi na kukupa la nane. Mtu wa namna hiyo kijiweni tunaye tayari, na hatumlipii bando.

5. Gazeti la jana

Hii ndiyo njia ya waungwana. Magazeti mengi huchapisha majibu siku inayofuata. Maana yake ni kwamba kila siku nchini kuna fumbo moja rahisi kuliko yote duniani, nalo ni la jana. Hifadhi gazeti la jana likiwa tupu. Leo nunua jipya, nakili majibu kwenye karatasi ya ukubwa wa tiketi ya daladala, ipachike ndani ya kasha la miwani. Kisha nenda mahali penye watu ukafanye la jana.

Kazi kubwa hapa ni ya uigizaji, na watu wengi huiharibu kwa pupa. Usijaze mfululizo. Ukifika la nne, simama, tazama dari, sema "mh" moja isiyo na haraka. La saba lijaze nusu uliache, urudi baadaye ukicheka kidogo kana kwamba mtunzi alitaka kukuweza. Na kamwe usimalize peke yako. Bakiza neno moja, lile refu, mpaka mtu afike mezani. Mwache aketi. Mwache asome kidokezo na akwame. Ndipo uandike, bila kumtazama, na kufunga kalamu.

Ficha tarehe, hilo najua umeshalifikiria. Ambalo hujalifikiria ni ukurasa wa nyuma. Usifanye fumbo la jana siku moja baada ya Simba na Yanga kucheza. Hakuna Mtanzania atakayekosa kujua, kwa kutupia jicho moja tu kwenye picha ya michezo, kwamba gazeti lile lilitoka kabla ya mechi.

6. Kamusi, kwa wenye moyo mgumu

Sikushauri, lakini wapo wanaoitumia. Kamusi imepangwa kwa herufi ya kwanza, nawe kwa njia yangu unaijua ya mwisho, kwa hiyo mnakuja kutoka pande mbili na huenda msikutane. Ukishikilia, uwe na mbili: Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015. Zikitofautiana tahajia, chagua ile inayoingia kwenye visanduku, na ukiulizwa taja hiyo kwa jina kamili na mwaka. Kamusi Kuu ina tatizo la umbo. Haifichiki ndani ya shati. Wenye kuipenda hujenga tabia ya kwenda msalani mara kwa mara, na nyumbani huanza kuulizwa kama wamemwona daktari.

7. Toa mji

Mababu zetu walilijua tatizo hili kabla magazeti hayajafika, na walilimaliza vizuri kuliko Mzungu yeyote. Ukitegewa kitendawili ukashindwa, huaibiki. Unatoa mji. Aliyetega anaupokea, anakwambia alivyofika huko akapokewa vizuri, akala akashiba, na mwisho wa safari yake anakupa jibu. Kushindwa kwako kumemtajirisha, kwa hiyo hana sababu ya kukucheka. Huu ndio utaratibu pekee ninaoujua ambamo mjinga analipa kwa mali isiyo yake.

Utumie nyumbani, kwa watoto. Mtoto wa darasa la sita yuko karibu na vitabu kuliko wewe. Anaijua mito, sayari, na marais wa kwanza. Msomee kidokezo kana kwamba unampima. Akijibu, sema "vizuri sana" na uandike ukiwa umempa mgongo. Asipojibu, mwambie akaulize mwalimu wake kesho kama kazi ya nyumbani ya ziada. Akikutegea wewe na ukashindwa, toa mji, lakini chagua vizuri. Ukitoa mji mdogo ataukataa: "Huo mdogo, baba, nipe mwingine." Ukitoa Dar es Salaam, atazunguka Kariakoo yote kabla ya kukupa jibu na fumbo litalala. Mpe Tanga. Ni mkubwa wa kutosha na anaumaliza haraka.

Kama mtoto ameanza kudai malipo ya kweli, soda au chipsi, lipa. Mtoto asiyelipwa huenda kusema shuleni kwamba baba yake hajui sayari.

8. Ukishikwa

Utashikwa. Si jambo la kuhofia, ila uwe na majibu yako yamepangwa kulingana na aliyekushika.

Akikushika bosi, kazini, saa nne asubuhi, gazeti likiwa juu ya hesabu za mwezi, mpe Bletchley Park. Mwambie kwamba Januari 1942, katikati ya Vita vya Pili, gazeti la Daily Telegraph la London liliwaita watu kushindana kulimaliza fumbo lake kwa chini ya dakika 12, na kwamba baadhi ya walioshiriki walikuja kupata barua za kuitwa kwenye kazi ya siri ya kuvunja misimbo ya Wajerumani, huko huko Bletchley Park. Sema hayo ukiwa umesimama. Kisha nyamaza kama mtu ambaye naye anangoja barua. Muhimu asijue ulianza saa ngapi.

Akikushika msomi anayesema mchezo huu ni upotevu wa muda, usibishane, mpe New York Times. Mwaka 1924 gazeti hilo liliyaponda mafumbo haya kwa maneno makali. Tarehe 15 Februari 1942, nchi ikiwa vitani na wasomaji wakihitaji kitu cha kutuliza akili, likaanza kuchapisha la kwake, na halijaacha mpaka leo. Mwambie msomi wako kwamba humlaumu, bado yuko 1924.

Akikushika mtu aliyefungua majibu na kukuta umejaza uongo, hapo unahitaji Jeremiah Farrell. Huyu alitunga fumbo lililochapishwa na New York Times siku ya uchaguzi wa Marekani, tarehe 5 Novemba 1996. Kidokezo kimoja kilitaka habari kuu ya gazeti la kesho. Walioandika kwamba Clinton amechaguliwa walikuwa sahihi. Walioandika kwamba Bob Dole amechaguliwa walikuwa sahihi pia, kwa sababu majina yote mawili yana herufi saba na kila kidokezo cha neno lililoyakata kilikubali majibu mawili. Kidokezo cha mnyama mweusi wa Halloween, kwa mfano, kilimpokea paka na kikampokea popo, maana kwa Kiingereza wanatofautiana herufi moja. Wasomaji walipiga simu wamekasirika, wengi wakidhani gazeti limemtangaza Clinton mapema, na walioandika Bob Dole wakidhani limekosea vibaya. Kwa hiyo ukionyeshwa kosa lako, usiseme nimekosea. Sema: "Ah, wewe umefuata njia ya kwanza." Kisha badilisha mazungumzo kabla hajauliza ya pili ni ipi.

Na akikushika mtu mbaya kuliko wote, yule aliyegundua kwamba majibu hayakuwa yako, hapo toa silaha nzito. Mpe Leonard Dawe. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule na mtunzi wa mafumbo ya Daily Telegraph. Mwaka 1944, majuma machache kabla ya majeshi ya Washirika kutua Normandy tarehe 6 Juni, yalianza kuonekana kwenye gridi zake majibu kama Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya operesheni hiyo. Maofisa wa usalama wakamfuata, wakamhoji, wakamwacha. Miaka mingi baadaye mmoja wa wanafunzi wake wa zamani akaeleza mambo yalivyokuwa: mwalimu alikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi gridi tupu wazijaze maneno, kisha yeye anatafuta vidokezo vya kuyafaa, na vijana wale walikuwa wakiyasikia maneno hayo kwa wanajeshi waliopiga kambi karibu na shule.

Umelipata? Mtunzi mwenyewe, wa gazeti la taifa, alikuwa akijaziwa visanduku na watoto. Sasa wewe uliyesaidiwa Gitega tu na mzee wa kahawa una kosa gani?

9. Kisanduku kilichobaki

Kila fumbo lina kimoja. Umetumia ngeli, umetumia mwalimu, umebip, umetoa Tanga, na bado kuna kisanduku kimeketi pale kimekutolea macho. Usikijaze I. Ukibakiza I moja isiyo na maana, jicho la mjuzi huenda moja kwa moja kwayo.

Unaweza kukiacha wazi na kutaja Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ambaye fumbo lake la kwanza lilichapishwa kwenye New York World tarehe 21 Desemba 1913 likiwa na umbo la almasi na uwazi katikati. Uwazi una historia, utasema. Wapo watakaokubali.

Lakini mimi nakushauri uchukue ile kalamu ya wino uliyoinunua na ukipake chote kiwe cheusi. Gridi imejaa visanduku vyeusi, nani atahesabu kimoja zaidi? Paka kwa mkono mtulivu, pembe hadi pembe, usivuke mstari. Halafu fanya jambo moja ambalo wanafunzi wangu husahau. Mafumbo ya magazeti makubwa hupangwa kwa ulinganifu: ukiligeuza gazeti juu chini, weusi wote unabaki mahali pake. Aliyezoea mafumbo huona haraka palipopinda. Kwa hiyo geuza gazeti, tafuta kisanduku kinachokaa mahali pa hicho ulichokipaka, nacho ukipake vilevile, hata kama ndani yake ulikuwa umeandika jibu sahihi.